Ukipanda Kuanua Nguo, Shuka na Mbwa

Ukikaa mtaa wa Pipeline, Nairobi, unaijua saa hiyo. Ni jioni, wingu limekuwa zito, upepo umeanza kupiga mashuka yaliyoanikwa. Mtu mmoja anaita kutoka ghorofa ya nne kwamba mvua inakuja, na mara ngazi nzima inajaa vishindo vya ndala. Kila mtu anakimbilia juu kuanua nguo. Kwa dakika tano hivi paa limejaa watu na mabeseni. Kisha wote wanashuka, mlango wa chuma unafungwa, na huko juu anabaki mbwa.

Mbwa huyo ni wa ploti. Mwenye ploti alimleta akiwa mdogo ili wezi wa nguo wasipande. Soja humpa ugali uliobaki, watoto wamempa jina, na hakuna anayesema ni wake. Amefungwa mnyororo kwenye vyuma vinavyobeba matangi ya maji, na nyumba yake, kama anayo, ni kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani. Radi zikianza, yeye ndiye aliye juu kuliko sisi sote, kando ya chuma, chini ya bati linalopigwa na mvua, na hana pa kukimbilia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Ninasema na wewe mpangaji, na wewe soja, na wewe keateka, kwa sababu karibu kila ushauri niliowahi kusoma kuhusu mbwa na ngurumo hudhani kwamba msomaji ana sebule, ua na gari. Sisi tuna chumba kimoja, ngazi na paa. Vinatosha. Na kama utasoma hadi hapa tu, basi shika hili moja: ukipanda kuanua nguo, shuka na mbwa.

Nililijifunza kwa uchungu. Kwenye ploti niliyokaa miaka minne palikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga aliyeitwa Chui. Usiku mmoja wa Aprili radi ilipiga karibu mno, stima zikapotea, na Chui akaruka ukuta wa paa. Mnyororo ndio uliomzuia asifike chini, na mnyororo huohuo ukawa unamnyonga. Soja wetu, mzee wa makamo aliyekuwa amejikinga mlangoni, alisikia kucha zikikwaruza ukuta kwa nje. Alipanda ghorofa saba gizani, akamvuta kwa mikono miwili. Chui alipona shingo, lakini kuanzia usiku ule hata sauti ya beseni likiwekwa sakafuni ilimfanya atetemeke, kwa kuwa mabeseni yalikuwa ndiyo yanayotangulia mvua.

Hili halikuwa la Chui peke yake. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi ambaye jina lake linajulikana kwa sababu ya mbwa na kengele, alilishuhudia Septemba 1924, mto Neva ulipofurika katika mji wa Leningrad na maji yakaingia vibandani mwa mbwa wake. Waliokolewa kwa kuogeleshwa. Baadaye baadhi yao hawakuwa tena walewale, na maji kidogo tu yaliyopenyezwa chini ya mlango yaliweza kuirudisha hofu yote. Usiku mmoja mbaya unaweza kumfundisha mbwa somo la miaka. Ndiyo sababu kumshusha mapema, kabla hajapata usiku wake mbaya, kuna thamani kubwa kuliko tiba yoyote nitakayoitaja hapa chini.

Kwa nini ngurumo, katikati ya makelele yote haya?

Watu huuliza hivyo, na ni swali zuri. Mbwa wa Pipeline amezoea ndege zinazoelekea uwanja wa JKIA, honi za matatu za Barabara ya Outering, welda anayekata chuma chini ya ploti, na spika za makanisa mawili yanayotazamana. Inakuwaje basi ashindwe na ngurumo?

Honi ameisikia tangu akiwa ananyonya, kila siku, na haijamfanya lolote. Ngurumo huja kwa misimu, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, kisha ikapotea kabla hajaizoea. Haina mwendo anaoweza kuukisia. Inatanguliwa na mwanga mkali, inatikisa zege alilolalia, inakuja na upepo na baridi. Na sikio lake si letu: mtu husikia sauti za hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, mbwa hufika takriban 45,000, na minong'ono ya mbali isiyotufikia sisi humfikia yeye. Chui alikuwa akianza kuhema wakati sisi bado tunabishana kama kutanyesha.

Kuna jambo la umri pia. Mtoto wa mbwa huamua ni vitu gani vya kawaida katika dunia yake kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14 hivi. Aliyezaliwa katikati ya Desemba huumaliza muda huo karibu wote katika jua la Januari na Februari. Mvua inapoanza kunguruma, yeye ameshafunga hesabu, na kitu kipya ni kitu cha kutisha. Ukiwa na mtoto wa mbwa msimu wa kiangazi, usingoje mvua. Nitarudi hapo.

Namna ya kuitambua hofu

Kuna mbwa anayelia na kukwaruza mlango. Huyo kila mtu anamwona. Wengi wa mbwa wetu si hivyo. Hunyamaza. Mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, weupe wa macho unaonekana. Anahema ilhali hakuna joto. Anapiga miayo, analamba pua yake mara kwa mara, anadondosha mate. Anakataa nyama ambayo saa moja kabla angeipigania. Wengine huenda huku na huku bila kutulia, wengine hukojoa walipo, wengine humganda mtu wa kwanza watakayemwona, hata kama hawamjui.

Mbwa wa hivyo hajaacha kazi. Nimemsikia keateka akisema mbwa anayeogopa mvua ni hasara, kwamba apigwe hadi ajue kazi yake ni kulinda. Ukimpiga, umemthibitishia kwamba ngurumo kweli huleta maumivu. Mara ijayo ataogopa ngurumo pamoja na wewe, na mbwa mwenye hofu mbili yuko karibu zaidi kuuma.

Utaambiwa pia kwamba ukimbembeleza unamharibu. Si kweli. Hofu si mchezo ambao mbwa huurudia ili alipwe. Ni kama homa, haiongezeki kwa sababu mgonjwa ameshikwa mkono. Akija kwako, mkubali. Mguse polepole kifuani au begani, ongea kwa sauti yako ya kila siku. Asipokuja, usimfuate. Na aliyejificha asivutwe kutoka alipojificha kwa sababu yoyote isipokuwa hatari.

Wapi umweke

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu chini hakuna nafasi na kila futi ina mwenyewe. Panda na kushuka ukitafuta mahali penye mambo matatu: pawe ndani, mbali na bati, pasiwe na dirisha au paweze kuzibwa mwanga, na mbwa aweze kuingia na kugeuka. Katika ploti nyingi mahali hapo ni uvungu wa ngazi za chini, pale panapowekwa mikokoteni na ndoo za rangi zilizokwisha. Kwingine ni chumba cha soja, stoo ya keateka, au kona ya koridoo ya ghorofa ya kwanza. Kama mbwa ni wako na unaishi naye kwenye bedsita, mahali pake ni chini ya kitanda, blanketi likining'inizwa hadi sakafuni kuzuia mwanga wa radi.

Tandika gunia kavu au sweta kuukuu yenye harufu ya mtu anayempenda. Weka maji. Acha upande mmoja wazi, maana pango lenye mlango uliofungwa ni jela, na mbwa mwenye hofu huvunja meno akijaribu kutoka jela. Kama kuna lango la kumzuia asitoke barabarani, lifunge lango hilo, lakini yeye mwenyewe usimfunge mnyororo. Ikilazimika kabisa, kwa sababu ya watoto au ngazi, basi mtu amshike kwa kamba laini akae naye. Mbwa akiogopa hutaka hasa mambo mawili: kukimbia au kujificha. Mnyororo humnyang'anya yote mawili.

Mpeleke hapo siku za jua. Hili watu hulisahau. Mlishe hapo mara mbili tatu kwa wiki, mwache alale hapo mchana. Akishapajua, hutalazimika kumburuta usiku wa radi, atakutangulia.

Kabla ya hayo yote, zungumza na majirani. Ngazi ni ya watu wote. Kuna mtoto aliyewahi kuumwa, kuna mama mjamzito anayeogopa mbwa, kuna jirani Mwislamu anayetunza usafi wa swala yake na hataki mate ya mbwa yaguse nguo. Hawa hawakosei, na mpango usiowajali hautadumu wiki moja. Kwetu tulikubaliana hivi: Chui atashuka mvua ikianza tu, atakaa uvungu wa ngazi upande usiopitiwa, mtu wa zamu ndiye atakayepiga deki asubuhi, na mvua ikikatika atarudi juu. Mama mboga wa mlangoni ndiye aliyetetea mpango huo kuliko sote, kwa kuwa kibanda chake ndicho kilichoibiwa mara mbili kabla Chui hajaletwa.

Zamu ndiyo roho ya jambo hili. Mbwa asiye na mwenyewe hukosa wa kumshusha kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine ameenda. Andikeni majina, watu wazima wawili kwa kila wiki, mmoja akiwa kazini mwingine yupo. Ufunguo wa mlango wa paa uwe mahali panapojulikana. Na tazameni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Siku iliyotangazwa ngurumo, mbwa ashushwe kabla giza halijaingia. Ukishasikia ngurumo ya kwanza, usizubae juu. Paa lenye nyaya za nguo na vyuma vya matangi si mahali pa mtu pia.

Wakati ngurumo zinapiga

Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi sauti ifike. Gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Sekunde 15 ni kilomita 5. Hesabu hiyo itakuambia kama mvua inakaribia au inaondoka, na itakupa muda wa kujiandaa na kitu cha pili: maini.

Chemsha maini au matumbo bila chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa, ukate vipande vidogo kama punje za mahindi. Omena waliochemshwa wanafaa vilevile na ni rahisi zaidi. Ngurumo ikilia, mpe kipande mara moja. Ikinyamaza, usimpe kitu. Ikilia tena, mpe. Mpangilio huo usiugeuze. Sauti itangulie, chakula kifuate, ili sauti yenyewe iwe habari ya kwamba maini yanakuja. Chui alihitaji msimu mzima wa mvua za Oktoba kulielewa hilo. Mwanzoni alikuwa hali kabisa, na ngurumo ilipokuwa mbali tu ndipo alipokubali kunyoosha shingo. Asipokula usimlazimishe mdomoni. Weka vipande karibu naye, ukae.

Washa redio au runinga kwa sauti ya wastani, iwe sauti aliyoizoea. Stima zikipotea, na zitapotea, simu yenye chaji itafanya kazi hiyo.

Mbwa wengine hutulia wakibanwa mwili kwa upole. Kuna fulana zinazouzwa ng'ambo kwa kazi hiyo, lakini leso inatosha. Ipitishe kifuani, uivushe mgongoni, uifunge ubavuni, vidole viwili viweze kupita chini yake, na umjaribie siku ya jua kwanza. Akisimama kama sanamu bila kusogea, hajatulia, ameganda kwa woga. Mfungue.

Miezi ya ukavu

Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo shule. Tafuta sauti ya ngurumo kwenye simu. Icheze chini kiasi kwamba wewe mwenyewe unaisikia kwa shida, huku mbwa akila maini yake. Dakika tano kwa siku. Sikio lake likicheza tu na akaendelea kula, siku ya pili ongeza kidogo sana. Akiacha kula, umepita kiasi. Rudi nyuma hatua mbili wala usikasirike. Mtoto wa mbwa atamaliza darasa hili kwa siku chache. Mbwa mzima aliyeumia anaweza kuchukua miezi. Simu haitamletea mwanga, upepo wala mtikisiko, hivyo usitegemee mvua ya kwanza imkute amepona kabisa. Imkute amejiandaa.

Dawa na daktari

Mbwa anayejijeruhi, anayekosa kula siku nzima baada ya mvua, au anayeogopa hata wingu, anahitaji daktari wa mifugo. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo katika kampasi ya Upper Kabete, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wako Barabara ya Lang'ata. Ni mbali kutoka kwetu, lakini changeni nauli. Watu wa ploti moja wakitoa shilingi hamsini hamsini, safari imelipika.

Dawa za hofu zipo na zinasaidia. Marekani iliidhinisha jeli ya deksimedetomidini inayopakwa kwenye ufizi wa mbwa anayeogopa sauti, na madaktari wana vidonge vingine pia. Karibu zote hufanya kazi vizuri zikitolewa kabla hofu haijapanda, kwa hiyo mwulize daktari saa ya kuzitoa pamoja na kipimo. Mwulize pia kama dawa anayokupa inaondoa hofu au inalegeza viungo tu. Asepromazini ikitumika peke yake inaweza kumfanya mbwa alale kama aliyetulia ilhali ndani bado anaogopa, safari hii mwili ukiwa umelegea. Usiende agrovet ukaeleza dalili ukapewa chupa. Panado, brufen, vidonge vya usingizi vya bibi, pombe, yote hayo yanaweza kumwua.

Na kama mbwa wako mzee, ambaye hakuwahi kujali ngurumo, ameanza kuogopa mwaka huu, mwambie daktari ampapase viungo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Brazil waliwalinganisha mbwa wanaoogopa sauti, wenye maumivu ya mwili na wasio nayo, wakakuta wenye maumivu walianza hofu hiyo wakiwa na umri mkubwa zaidi. Mbwa akishtuka hukaza misuli. Kiungo kikiuma, sauti hubeba lawama. Fikiria sasa mbwa anayepanda na kushuka ngazi za zege za ghorofa saba na kulala kwenye zege hilohilo. Magunia mawili ya kulalia yanaweza kuwa sehemu ya dawa.

Akitoroka

Usiku wa radi mbwa hukimbia asijue anakokwenda. Anaweza kuvuka hadi mtaa wa Mukuru kwa Njenga na asubuhi akawa mgeni kwa kila mtu, amelowa, anadondosha mate, anajificha chini ya gari. Watu watasema ana kichaa, na mawe yataanza. Mkinge mapema: mkanda wa shingoni wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, cheti kikiwekwa kwa keateka. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na ploti yenye mbwa aliyechanjwa inautekeleza mpango huo pale pale mlangoni.

Kwa kawaida hofu ya ngurumo huisha ndani ya saa chache baada ya mvua. Mbwa anayeendelea kudondosha mate, kuyumba au kushambulia kwenye jua la mchana, msimkaribie. Piteni mbali, mwiteni daktari wa mifugo. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mnayemjua, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mvua za mwisho nilipokuwa pale, Chui alikuwa ameshazeeka kidogo. Bado alitetemeka. Lakini upepo ulipoanza kupiga mashuka, kabla hata mtu hajaita kutoka ghorofa ya nne, alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa chuma, pua yake kwenye upenyo, akimsikiliza wa zamu akipanda.